Pedi Mpya Kwenye Kalipa Iliyoganda Ni Hela Iliyotupwa

Najua utauliza bwana shamba anaingiaje kwenye mambo ya gereji. Anaingia kwa sababu kabichi na viazi vya Lushoto vinateremshwa kwenye kona za Soni hadi Mombo, mara nyingi kwa kirikuu, na kinachozuia mzigo ule mteremkoni ni pedi mbili kwenye kila gurudumu la mbele.

Msimamo wangu ni huu: mwenye gari anayeweza kubadili tairi akifundishwa mara moja anaweza kubadili pedi za mbele nyumbani kwake. Lakini akiishia kwenye pedi, kazi hajaifanya. Magari yetu yanatembea kwenye vumbi na tope, na kinachoumia kimyakimya ni kalipa. Hii kalipa huteleza juu ya pini mbili. Maji na vumbi vikiingia, pini hushika kutu na kalipa inaganda. Matokeo yake pedi moja inaliwa hadi chuma wakati mwenzake bado nene. Mtu ananunua nyingine, zinaisha haraka, anarudi dukani kugomba kwamba kauziwa feki. Feki zipo, sikatai. Ila kwanza angalia pini zako.

Egesha pa tambarare, weka mawe kwenye matairi ya nyuma, legeza nati gari likiwa chini, kisha piga jeki na uweke stendi ya chuma. Matofali yanapasuka, usiyaamini. Fanya upande mmoja kwanza ili wa pili ubaki kama mfano wa kutazamia. Ukiitoa kalipa, ifunge kwa waya. Isining'inie kwenye hosi ya breki. Vumbi lake lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize. Chomoa pini, zisugue kutu, angalia mipira yake, kisha paka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida na oili huvimbisha mpira, na pini itaganda kuliko mwanzo.

Sasa tazama pistoni. Mpira wake ukiwa umechanika, au kuna unyevu wa mafuta ya breki, acha hapo hapo na uite fundi. Hiyo si kazi ya uani. Ikiwa kavu, irudishe ndani taratibu kwa klempu, huku ukiangalia chupa ya mafuta ya breki isifurike. Pedi iliyobaki chini ya milimita 3 imekwisha, na zinabadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Ukishafunga, kanyaga pedeli mara kadhaa kabla hujaliondoa gari, mpaka iwe ngumu. Ukanyagaji wa kwanza huzama hadi chini, na wapo waliolijua hilo gari likiwa tayari linatembea. Halafu zunguka nalo bila mzigo, ukipunguza mwendo mara nyingi ili pedi zizoee diski.

Na hapa nigombane kidogo na madereva. Kirikuu nyingi zimetengenezwa kubeba kilo 350. Wewe unapakia lumbesa sita, unaweka gia fri mteremkoni eti unaokoa mafuta, ukifika chini unamwagia maji diski inayotoa moshi. Pedi gani itavumilia hayo? Shuka na gia ndogo, injini ikusaidie kushika. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu yakizeeka, na yakipata moto mkali huchemka. Pedeli inakuwa laini katikati ya kona.

Anayesubiri kuvuna viazi afanye kazi hii sasa, gari likiwa halina safari. Madramu ya nyuma, kama hujawahi kuyafungua, yapeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, na usimame hapo uone anavyoyafungua.