Giza Si Kinga

Mjini kwetu miwani ya jua ina wenyewe. Ni ya msanii kwenye video na ya mheshimiwa anayeshuka kwenye gari. Mvuvi akiivaa pale Feri, Kivukoni, atataniwa mpaka aivue: "Bosi, umepotea njia?" Utani huo una gharama, na anayeilipa ni mvuvi, kwa macho yake.

Navuka na pantoni kutoka Kigamboni kwenda chuoni, ninakosomea shahada ya uzamili, na kila asubuhi nawaona mabaharia wakishusha samaki huku wamekunja nyuso. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Jua lake humpiga mtu wa baharini mara mbili: linashuka kutoka juu, kisha maji yanamrudishia usoni. Kofia inazuia lile la juu tu. Miaka ikipita, kinyama huota pembeni mwa jicho na kutambaa kuelekea kwenye mboni, na hatari ya mtoto wa jicho nayo huongezeka. Madaktari wanayahusisha yote mawili na miale ya urujuanimno, ile inayofupishwa UV. "Wazee wetu walivua bila miwani," utajibiwa. Kweli, walivua. Nenda kawatazame macho.

Lakini tusidanganyane: si kila miwani ni kinga. Weusi wa lenzi hauzuii UV. Kinachozuia ni malighafi yake au dawa iliyotiwa. Lenzi nyeupe kabisa inaweza kuizuia, na nyeusi tii ikaipitisha. Tena hiyo nyeusi ni mtego, kwa sababu gizani mboni hupanuka na kuifungulia miale mlango. Stika ya UV400 inadai kwamba lenzi inazuia miale hadi nanomita 400. Ila stika ni karatasi, na yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuitengeneza. Muuzaji wa Kariakoo mwenyewe hana namna ya kujua alichouziwa kwa jumla.

Basi pima. Mawakala wengi wa fedha wana taa ndogo ya kukagulia noti. Imulike noti halali, alama zilizofichika zitang'aa. Sasa weka lenzi kati ya taa na noti. Alama zikiendelea kung'aa vilevile, rudisha miwani ya watu.

Jambo la pili ni mwako wa maji. Mwanga unaodunda juu ya bahari huwa umelala upande mmoja. Lenzi ya polaraizi huuchuja, na nahodha akauona mwamba au fungu la mchanga kabla chombo hakijaligonga. Kuipima ni rahisi: itazame skrini ya kompyuta mpakato kupitia lenzi, kisha izungushe taratibu. Skrini ikififia mpaka kuwa nyeusi, hiyo ni polaraizi. Hata hivyo, kuchuja mwako si kuzuia UV. Dai vyote viwili. Chukua fremu pana inayoziba pembeni, na ufunge kamba shingoni, maana bahari hairudishi kitu. Kahawia inafaa maji ya kina kifupi, kijivu inafaa bahari kuu.

Wapo watakaosema hii ni anasa, mvuvi ana shida ya mafuta na nyavu. Wainuiti, wawindaji wa nchi za barafu, walichonga miwani ya mifupa na mbao yenye ufa mwembamba, zamani sana kabla ya duka lolote la fasheni. Kwao ilikuwa kifaa cha kazi, kama chusa.

Nasi tuihesabu hivyo. Kabla ya kugawana mapato, chombo hukata kwanza gharama za safari: mafuta, barafu, chakula. Miwani iingie kwenye hesabu hiyo hiyo, itoke mfuko wa chombo, isiachwe kuwa deni la baharia. Vikundi vya BMU vinaweza kununua kwa jumla na kuweka taa moja ya kupimia. Tajiri wa chombo anayenunua barafu ili samaki wasiharibike hawezi kuniambia kwamba macho ya aliyewavua hayamhusu.