Boazi Alingoja Asubuhi

Neno letu leo ni Ruthu sura ya 3 na ya 4. Soma mwenyewe kabla hujaniandikia, maana najua leo mtaniandikia.

Wiki hii nimeitwa mchungaji asiye na imani. Kosa langu ni kukataa kufungisha ndoa Jumamosi. Binti wa kanisa letu amechumbiwa na kijana kutoka nchi nyingine. Kijana ni mpole, anaomba, anaimba. Lakini muda aliopewa kukaa Kenya ulikwisha miezi minne iliyopita, na sasa akiona polisi anabadilisha njia. Wakaja kwangu wakitaka ndoa ya haraka, isiyotangazwa, watu kumi tu. "Pasta, tukishapata cheti hawawezi kumrudisha kwao." Nikasema hapana. Tangu hapo simu yangu haijanyamaza, na kila anayepiga ana swali moja: kwani Ruthu hakuwa mgeni?

Alikuwa mgeni, na shida yake ilikuwa kubwa kuliko stempu ya pasipoti. Soma Kumbukumbu la Torati 23 uone sheria ilivyosema juu ya Wamoabi kuingia katika kusanyiko la Bwana. Kwa hiyo wanaonitajia Ruthu wametaja mtu anayefaa kabisa. Ila wao wanaishia usiku, pale kwenye uwanja wa kupuria, Ruthu akiwa amelala miguuni pa Boazi. Hawafiki asubuhi.

Usiku ule Boazi hakukosa sababu za kuharakisha. Mwanamke mwenyewe ameomba, mama mkwe ndiye aliyemtuma, na hapakuwa na mtu wa kuwaona. Lakini Boazi alijua kuna kizuizi: yuko jamaa aliye karibu kuliko yeye, mwenye haki ya kwanza. Hakumficha jamaa huyo. Alimtaja kwa kinywa chake mwenyewe, akamwambia Ruthu angoje kuche. Kulipokucha akaenda langoni pa mji, akamwita yule jamaa, akaketisha wazee 10, jambo likasemwa mchana kweupe mbele ya watu wote. Jamaa akakataa, akavua kiatu, wazee wakashuhudia. Ndipo Boazi akaoa. Kizuizi kiliondolewa kwanza, harusi ikafuata. Ninyi mnataka harusi ndiyo iondoe kizuizi.

Na haitakiondoa. Hapa ndipo vijana wetu wanadanganywa, wakati mwingine na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Ukifunga ndoa leo na mtu ambaye muda wake umekwisha, kesho asubuhi bado umekwisha. Kukaa nchini bila kibali ni kosa, na cheti cha ndoa hakilifuti. Bado atahitaji kwenda uhamiaji kuomba pasi ya kukaa kama mume wa Mkenya, na huko watamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Ukaaji wa kudumu huombwa ndoa ikiwa na angalau miaka 3. Uraia, kwa Katiba yetu ya 2010, ni angalau miaka 7. (Miaka 7, wapendwa. Yakobo alimtumikia Labani muda huohuo kwa ajili ya Raheli, na kwa jinsi alivyompenda hakuuona mrefu. Kuna wachumba ambao nawauliza kama wako tayari kwa miaka 7 wananitazama kama nimewatukana.) Hata ikifika hiyo miaka, sheria inauliza kama mnaishi pamoja, na kama mlioana ili mmoja apate makaratasi.

Tena Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 11, inasema wazi kwamba mmoja wenu akiingia kwa makusudi ya ulaghai, hiyo si ndoa. Sheria hiyo hiyo inataka notisi isiyopungua siku 21 kabla ya harusi, ili mwenye pingamizi aseme. Hilo ndilo lango la mji wetu. Anayeniomba nisitangaze ananiomba nipitie mbali na lango.

Siongei kama mtu ambaye hajawahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilifungisha ndoa ya namna hii. Nilihurumia, nikaharakisha. Nilijiambia Roho ananiongoza, kumbe ilikuwa aibu ya kuonekana mkatili mbele ya kamati ya harusi iliyokwisha kuchanga pesa. Bwana harusi alipata pasi yake. Muda si mrefu akahamia mji mwingine kwa sababu ya kazi, halafu simu ikazimwa. Dada yule alibaki na mimba na kesi ya talaka. Amenipa ruhusa niseme haya bila kumtaja. Aliniambia neno moja ambalo sijalisahau: "Baba mchungaji, mimi nilikuwa nimefumbwa macho na upendo. Wewe ulikuwa umefumbwa na nini?"

Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo wachungaji wenzangu mnaofungisha ndoa hizi siku ya kazi, mlango umefungwa, kwa sadaka ya shukrani, naomba mniambie mnajibu nini. Leseni ya kufungisha ndoa mmepewa na serikali, na madhabahu mmepewa na Mungu. Mnavikodisha vyote viwili kwa siku moja. Msiniambie ni huruma. Abramu alipoingia Misri akiwa mgeni mwenye hofu, alidanganya juu ya ndoa yake, akamwita mke wake dada (Mwanzo 12). Waliopigwa mapigo ni nyumba ya Farao. Yeye alificha ndoa ya kweli ili asalimike. Ninyi mnaonyesha ndoa isiyokuwepo, halafu mnaniletea hadithi ya imani.

Sasa niwageukie wengine, maana naona mmeanza kupiga makofi. Wale mnaosema wageni wote ni matapeli, na kwamba binti zetu waolewe na watu wetu, ninyi si upande wangu. Musa alioa Mkushi, Miriamu akamsengenya, na aliyepigwa ukoma ni Miriamu (Hesabu 12). Mtu kuchelewa na makaratasi hakumfanyi tapeli. Wengine walidanganywa na mawakala, wengine mwajiri aliwaahidi kibali akakaa kimya. Na wako ndugu zetu waliokimbia vita, Wakongo wengi wako humu kanisani. Mkimbizi ana sheria yake, msimweke kwenye fungu la aliyepitisha muda. Mimi sijui moyo wa kijana huyu. Ndiyo maana nataka mchana.

Binti yangu, najua unasoma. Najua umelia, na umeambiwa Pasta amekufungia mlango. Unaogopa akienda Nyayo House akajieleza anaweza kutozwa faini, au kuambiwa aondoke. Inaweza kuwa hivyo. Siwezi kukuahidi kwamba haitakuwa, na sitatabiri uongo ili ulale usingizi. Ikibidi aende kwao arudi kwa njia ya halali, itakuwa miezi migumu, na kanisa hili litakuombea na kukutembelea. Ile pesa ya harusi ambayo kamati imechanga, nitaomba wakubali itumike kwa wakili.

Jumatano baada ya maombi ya saa sita nitakuwa ofisini. Kuna mzee wa kanisa aliye wakili, nimeshamwomba awepo. Njoo na mchumba wako, na mzazi wako mmoja. Yeye aje na pasipoti yake, na barua ya kwao inayoonyesha hana mke kama anayo. Kama hana, tutamwonyesha pa kuiomba. Mambo yakinyooka, siku 21 nitaanza kuzihesabu mimi mwenyewe, na tangazo nitalisoma kwa sauti Jumapili, ibada zote mbili.