PISTONI MOJA AU ZOTE NNE? MAONI YETU KABLA YA MKUTANO

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Jumamosi hii, saa 3 asubuhi, tunakutana ghalani kuamua juu ya gari letu. Kila mmoja anajua kwamba gari limelala gereji huko mjini, hii ni wiki ya 5, injini iko wazi na silinda hedi imelazwa juu ya gunia. Maneno ni mengi kisimani na vijiweni. Wapo wanaosema ibadilishwe pistoni moja iliyovunjika, basi, gari lirudi. Wapo wanaosema liuzwe. Wapo hata wanaosema ati gari limerogwa. Sisi wa gazeti hili la ukutani tumeona ni wajibu wetu kutoa maoni mapema, ili mtu aje mkutanoni ameshafikiri, asije kunyoosha mkono kwa sababu jirani yake kanyoosha.

Maoni yetu tunayasema mwanzoni kabisa. Pistoni zibadilishwe zote 4, silinda zichongwe upya, kazi ifanywe mara moja ikaisha. Lakini kabla hatujatoa hata senti, tukubaliane nani atakayeitunza injini hiyo ikisharudi. Bila hilo la pili, hilo la kwanza ni kumwaga maji mchangani.

PISTONI NI KITU GANI

Tuanze hapo, maana wengi tunalitamka neno hili bila kukiona kitu chenyewe. Chukueni kikombe cha bati, mkifunike juu chini, mkisukume ndani ya bomba linalokitosha barabara. Kikombe hicho ndiyo pistoni, na bomba ndiyo silinda. Injini yetu, hii ya Toyota aina ya 3L ya dizeli, inayo silinda 4. Kila silinda ina upana wa milimita 96, na pistoni inapanda na kushuka mwendo wa milimita 96. Inashuka ikivuta hewa. Inapanda ikiigandamiza mpaka hewa inakuwa moto mkali. Hapo noseli inanyunyiza dizeli, dizeli inawaka yenyewe bila plagi ya cheche, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu. Kisha inapanda tena kutoa moshi nje.

Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila pistoni inapata moto mara 1,200 katika dakika hiyo. Kwa saa moja pistoni inakuwa imetembea zaidi ya kilomita 27, na haijatoka ndani ya bomba lake! Hebu fikirini, punda gani angefanya kazi hiyo bila kupewa maji?

Ubavuni mwa pistoni zimevikwa ringi 3. Zile 2 za juu zinazuia moto usishuke chini, na ya tatu inakwangua oili isipande juu. Ringi zikiisha au silinda ikitanuka, mambo yanageuka: moto unashuka kwenye oili, na oili inapanda kuungua. Ndiyo maana gari letu lilikuwa linatoa moshi wa bluu, linakula oili kila wiki, na asubuhi haliwaki mpaka vijana walisukume. Ukifungua kifuniko cha oili, mvuke ulikuwa unapumua puf, puf, kama mzee wa pumu. Hayo si mambo ya uchawi, ndugu zetu. Ni ringi.

FUNDI ALIPIMA, AKAANDIKA

Wajumbe 2 waliotumwa mjini walikuwepo fundi alipopima. Nguvu ya mgandamizo kwenye injini nzima ya aina hii ni karibu kilo 30 kwa kila sentimita mraba, na haitakiwi kushuka chini ya 20. Silinda ya 3 ilitoa 17. Hedi ilipofunguliwa, pistoni ya 3 ilikutwa imepasuka mahali ringi zinapokaa. Kisha silinda zenyewe zikapimwa kwa saa ya kupimia, kila moja juu, katikati na chini. Ya kwanza imelika milimita 0.14, ya pili 0.16, ya tatu 0.31, ya nne 0.22. Kikomo ni 0.20.

Mtu atasema, milimita 0.31 ni kitu gani? Ni unene wa nywele chache tu za kichwani. Kwa jembe si kitu. Kwa pistoni ni mlango umeachwa wazi usiku.

NJIA ZILIZOPO MEZANI

Njia ya kwanza: pistoni 1 mpya, na ringi mpya kwa zote. Ni rahisi, ni robo tu ya gharama ya njia ya tatu, na gari linarudi wiki hii. Lakini tuangalie. Silinda iliyolika haiwi duara tena, imekuwa kama yai. Ringi ni duara. Duara halizibi yai. Isitoshe, silinda inalika zaidi kule juu ringi inapogeukia, panabaki ukingo mdogo. Ringi mpya ikipanda inaweza kugonga ukingo huo ikavunjika, na kipande cha ringi ndani ya injini ni kisu. Silinda ya 4 nayo imeshapita kikomo, kwa hiyo leo tunazika ya 3, kesho tunachimba kaburi la ya 4.

Njia ya pili: injini nzima ya mtumba. Wenzetu wenye mawazo haya si wajinga, maana kazi inachukua siku 2 na gari linatembea. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Injini imekaa chini, haijawashwa, imepigwa rangi ikang'aa. Nani ameipima ndani? Kama yupo muuzaji atakayekubali ifunguliwe na kupimwa silinda kwa silinda mbele yetu kabla ya kulipwa, sisi tuko tayari kufikiri upya. Kama hakubali, tumshukuru tuondoke.

Njia ya tatu: silinda zote 4 zichongwe kwa mashine, zipanuliwe kwa milimita 0.50, ziwekwe pistoni mpya 4 za saizi hiyo hiyo ya kuzidi 0.50 pamoja na ringi zake. Kwa nini zote, wakati ya 1 na ya 2 bado ziko ndani ya kikomo? Kwa sababu pistoni 4 ni kama wapagazi 4 waliobeba machela. Mmoja akiwa mrefu na mzito kuliko wenzake, machela inayumba na mgonjwa anaumia. Pistoni zenye uzito tofauti zinatikisa injini mpaka beringi zinakufa.

Njia ya nne ni kuuza. Tunajibu kwa swali: gari lenye injini iliyofunguliwa linauzwa bei gani? Bei ya chuma chakavu. Na msimu wa korosho ukifika tutarudi kukodi malori ya wafanyabiashara kupeleka magunia ghala kuu, na ushuru wa kukodi utakatwa kwenye kila kilo ya kila mkulima, mwenye mikorosho 500 na mjane mwenye mikorosho 12. Msimu uliopita gari lilipoharibika katikati tulikiona hicho. Na kina mama je? Usiku ule mama mjamzito alipopelekwa zahanati juu ya bodaboda, akishikiliwa na dada yake nyuma, hakuna aliyesema gari ni anasa. Sisi hatuungi mkono kuuza.

GARI LILIUAWA NA VUMBI

Sasa tuje kwenye kiini. Tukinunua pistoni bila kujua kilichoua zile za kwanza, tutakuwa tumezinunulia sanda.

Injini hii ikikimbia inavuta hewa karibu debe 150 kwa dakika moja. Barabara zetu za Kusini mnazijua, mchanga na vumbi jekundu. Mchanga ule ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Kazi ya kuuzuia ni ya kitu kimoja tu, eya klina na mpira wake. Fundi alikuta mpira huo umepasuka na umefungwa kitambaa. Yaani debe 150 kwa dakika, nyingine zinapita dirishani bila kuchujwa, mchanga unaingia unachanganyika na oili na kuwa msasa. Pistoni inapiga msasa huo siku nzima.

Yako maneno mitaani kwamba dereva ndiye aliyeua gari. Tusimwonee mtu. Daftari la gari liko ofisini, kila mwanachama ana haki ya kulisoma. Limeandikwa mara 2, kwa mkono wa dereva, kuomba mpira mpya na filta mpya. Mbele ya maombi hayo hapakuandikwa kitu, wala ndiyo wala hapana. Hatumtaji mtu, daftari linajisemea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, lakini halikusomwa.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba, na malori mengi mazuri nchini yalikaa juu ya mawe kwa kukosa spea. Watu wa wakati ule walikuwa na sababu. Leo ringi zipo madukani, mpira wa eya klina upo. Sisi tutasema nini kwa wajukuu?

TUNACHOPENDEKEZA

Tunaomba mkutano uazimie haya, na yaandikwe kwenye muhtasari:

1. Kazi ifanywe kwa njia ya tatu. Pistoni zinunuliwe kwanza, zipimwe kwa mikromita, ndipo silinda zichongwe kuzifuata. Tusiamini maandishi ya boksi, maana spea bandia nazo zimejaa.

2. Injini ikiwa wazi, silinda hedi ipimwe kama ina ufa, konrodi zipimwe kama zimepinda, beringi zake zibadilishwe, mkanda wa taiming uwe mpya. Noseli nazo zipimwe. Noseli inayomwaga dizeli badala ya kunyunyiza inachoma kichwa cha pistoni mpya kama ya zamani.

3. Wanachama 2, mmoja awe mwanamke, wawepo siku ya kufunga injini. Si kumfundisha fundi kazi, ni kuona kwa macho yetu: kila pistoni imeangalia mbele kwa alama yake, midomo ya ringi haikuelekezwa mahali pamoja, boliti zimekazwa kwa spana ya kupimia nguvu na siyo kwa kukisia.

4. Pistoni 4 za zamani, ringi na beringi zake zirudi kijijini pamoja na risiti, ziwekwe mezani hapa ghalani wiki nzima. Kila mtu azishike. Mtoto wa shule naye aje aone pistoni ilivyopasuka, ni somo.

5. Gari likirudi, kilomita 1,000 za kwanza lisijazwe mzigo, lisikimbizwe, na oili ya kwanza imwagwe mapema. Ringi na silinda mpya ni kama bwana na bibi harusi, lazima zizoeane taratibu. Asije mtu na mzigo wake wa matofali akasema ni ndugu ya mjumbe.

6. Eya klina ikaguliwe kila wiki wakati wa kiangazi, na oili kila asubuhi. Ombi lolote la dereva katika daftari lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 7, kwa jina na sahihi ya aliyejibu. Likipita siku 7 bila jibu, lisomwe mbele ya wanachama.

Hili la 6 ndilo gumu, na ndilo tunalolipigania kuliko yote. Pistoni tutapata fedha tukanunua, hata kama ni kwa kujibana. Lakini mali ya wote ikikosa mtu wa kuulizwa, inakuwa mali ya yatima, kila mtu anaitumia na hakuna anayeilisha. Kama mkutano utapitisha fedha na kuliacha la 6 kwa sababu linawaudhi wakubwa, sisi tutasema wazi kwamba bora fedha hizo zibaki benki.

Leo ni Julai, na minada ya korosho huanza Oktoba. Tukiamua Jumamosi, gari litakuwa limemaliza kilomita zake 1,000 za upole kabla ya mzigo. Tukiahirisha kwa kubishana, tutalipakia injini changa mzigo wa msimu siku ya kwanza, na tutaiua tena.

Hesabu ya kila njia kwa shilingi imebandikwa mlangoni mwa ofisi. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Njooni wote, wazee kwa vijana, kina mama msibaki nyuma. Mwenye maoni tofauti na haya aje ayaseme, au atuletee kwa maandishi tuyabandike hapa hapa ukutani.

Ushirika ni nguvu, na nguvu inataka uangalizi.

Kamati ya Gazeti la Ukutani