Mgonjwa wa Akili na Zahanati ya Kijiji

Mama wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, akimwona mwanawe halali, asema peke yake na kuwakimbia ndugu zake, ampeleke wapi? Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927 kwa ajili ya wagonjwa wa akili, iko Dodoma. Kupitia Sumbawanga, Mbeya na Iringa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Madaktari bingwa wa magonjwa hayo ni wachache mno, na wengi wao wako mijini. Basi wagonjwa wengi huishia kwa mganga wa kienyeji, au kufungwa kamba nyumbani.

Twasema wazi: kumfunga mgonjwa kamba ni kuvunja hadhi ya binadamu. Lakini kuilaumu tu familia isiyoonyeshwa njia nyingine ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kulemewa. Haki yadai huduma iwafuate watu waliko.

Jambo hilo lawezekana. Katika miaka ya 1980, mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ilifanya majaribio ya kuingiza huduma ya akili katika vituo vya kawaida vya afya. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuwafundisha matabibu na wauguzi wasio mabingwa kuyatambua na kuyatibu magonjwa hayo. Nako Zimbabwe, jijini Harare, kazi iliyoanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 iliwafundisha akina bibi kuketi na wenye huzuni nzito kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko wenzao.

Kwa hiyo tusingoje bingwa aje kutoka mjini. Twende kwanza kwa muuguzi wa zahanati yetu, tumwulize: Je, amefundishwa? Je, dawa zapatikana kila mwezi? Kama sivyo, wajumbe wa kamati ya zahanati na diwani hawana budi kulifikisha jambo hilo halmashauri, tena bila kuchoka.

Nazo Jumuiya Ndogo Ndogo zina wajibu wake: kuchanga nauli, kumsindikiza mgonjwa kliniki, kuangalia asikatize dawa. Asiwepo mtu wa kumwambia aache dawa kwa sababu ameombewa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, aweka sala na tabibu pamoja, nasi tusivitenganishe.