Bei ya asubuhi

"Samatta alifeli Uingereza." Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi mno kwenye vibanda umiza vya Kibiti, na kila anayeisema anajua tayari mambo yaliishaje. Nimeichoka.

Turudi tarehe 20 Januari 2020, siku Aston Villa walipomsajili. Straika wao Wesley alikuwa ameumia goti siku ya mwaka mpya. Timu inanusa kushuka daraja na dirisha dogo linafungwa baada ya siku kumi na moja. Genk wanaye mtu aliyewafungia mabao 23 ya ligi msimu waliochukua ubingwa wa Ubelgiji, 2018/19, na Novemba tu iliyopita amewafunga Liverpool palepale Anfield. Bei iliyotajwa ni kama pauni milioni 8.5. Wewe ungefanyaje?

Tunajua yaliyofuata. Bao moja la ligi, kule Bournemouth, na jingine kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Korona ikasimamisha ligi miezi mitatu, iliporudi hakufunga tena. Villa wakapona kwa pointi moja. Septemba wakamnunua Ollie Watkins na Samatta akaenda Fenerbahçe. Sawa. Lakini lipi kati ya hayo lilikuwa mezani siku ya kusaini?

Watu haohao wanageuza kibao kwa Simba: eti mwaka 2011 walimtoa TP Mazembe kwa bei ya kutupa. Mwaka 2011 hakukuwa na Samatta wa Genk. Kulikuwa na kijana wa miaka 18 kutoka Mbagala, na klabu iliyokuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo ikimtaka. Tena hesabu ya klabu haifungwi siku ya mauzo. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji toka miaka 12 hadi 23, na kila mwaka kuanzia umri wa miaka 16 una nusu asilimia ya ada yote. Kwa ada ile ya Villa, mwaka mmoja ni pauni 42,500. Hilo halitajwi kibandani. Kinachotajwa ni "waliuza rahisi".

Nyamisati, ninakofanyia utafiti wa shahada ya uzamili juu ya wavuvi wa kamba, hawahukumu hivyo. Mtu akitoka mikokoni asubuhi anaangalia barafu aliyonayo na wanunuzi waliofika gatini. Asiye na barafu anauza kabla jua halijapanda. Jioni simu inalia kwamba Dar es Salaam bei imepaa. Anaweza kusonya, lakini hakuna anayemwita mjinga. Kufikia jioni wale kamba wangekuwa mbolea.

Mjomba wangu ameuza kamba tangu sijazaliwa, na analijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana alichosema kwenye arobaini ya bibi kimenikaa kooni. Wali umeshapakuliwa, watu wamejaa uani, akamwambia mama: "Dada, yule mtoto ulimuuza kama fungu la kamba waliolala."

Mdogo wangu alisaini miaka mitatu iliyopita na klabu moja, siitaji. Alikuwa na miaka 17, hivyo mama akaweka saini pamoja naye. Ada ya usajili ilinunua injini ya boti, ikabaki kidogo ya ada yangu ya chuo. Sasa anaanza kila mechi, na wenzake waliokuja baada yake wanalipwa mara kadhaa ya mshahara wake. Mama hakujibu. Aliendelea kukusanya sahani.

Nilimfuata mjomba nje. "Mjomba, siku ile kulikuwa na klabu nyingine mlangoni?" Hakuna. "Goti lake lilikuwa limepona?" Alikuwa amekaa nje msimu mzima. "Sasa mama alikuwa na barafu gani?"

Akanitazama. "Na ule mkataba, mjomba, nani aliusoma?"

Hapo aliniweza. Mama alinitumia picha za kurasa zote kwa simu, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Nilikuwa na mtihani wa takwimu kesho yake. Nilitazama ukurasa wa kwanza, wenye fedha, nikajibu: sawa, sainini. Ukurasa wa nne ulikuwa na kifungu kinachoiruhusu klabu kuongeza miaka miwili yenyewe, kwa mshahara uleule. Klabu imekitumia mwezi uliopita. Hicho hakikuhitaji utabiri. Kilikuwepo siku ile, kwa herufi za kawaida.

Kwa hiyo bei ya mama naitetea popote, hata kibandani. Ukurasa wa nne siwezi kuutetea.

Nilimwambia mama usiku ule, tukiosha masufuria. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mtihani wenyewe nilipata ngapi. Nikamwambia B. "Haya," akasema, "nipe hilo sufuria kubwa."