Usalama wa Kunyanyua Mabomba Mazito Huanzia Kwenye Mpango wa Kazi

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP), lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga, hutajwa zaidi kwa manufaa yake ya kiuchumi. Hata hivyo, kila kipande chake, chenye kipenyo cha inchi 24 na urefu wa mita 18, hunyanyuliwa mara kadhaa kabla ya kulazwa mtaroni: bandarini, katika kiwanda cha Sojo wilayani Nzega kinakowekewa tabaka la kuhifadhi joto, na katika eneo la ujenzi. Kila mara, maisha ya wafanyakazi huwa hatarini.

Hatari hiyo haitokani na uzito pekee. Bomba la tani 3 likinyanyuliwa kwa mikanda miwili iliyo wima, kila mkanda hubeba tani 1.5. Mikanda hiyo ikilala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja hubeba tani 3 kamili. Mzigo haujaongezeka, lakini mkanda uliotosha asubuhi unaweza kukatika mchana kwa sababu ya pembe tu.

Ndiyo maana mpango wa kazi hutangulia kreni. Uzito hujulikana mapema, ardhi hupimwa uimara wake, mabomba yaliyopangwa huzuiwa kwa kabari yasibingirike, na mtu mmoja tu hutoa ishara kwa mwendeshaji. Bomba huongozwa kwa kamba kutoka mbali, wala hakuna anayeruhusiwa kusimama chini yake.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1988 unataka vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe na mtaalamu, na unampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu, huku akitoa taarifa kwa msimamizi mara moja.

Haki hiyo hupoteza maana pale msimamizi anaposukumwa na tarehe ya kukamilisha kazi kuliko hali ya mkanda. Ratiba iliyochelewa hurekebishika. Uhai uliopotea haurudi.