Kabla Hujalipa Ada ya Kozi ya Kucha



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya swali ambalo akina mama wengi wametuuliza. Wengine wanatuuliza kiliniki wanapoleta watoto kupima uzito, wengine baada ya ibada tunapokunja viti. "Sista, nataka kujifunza kazi ya kucha. Niende chuo gani?"

Ni swali zuri, na si dogo. Mama anayeuliza hivyo mara nyingi ana fedha ambazo hatazipata tena upesi: zamu yake ya upatu, mgao wa kikoba wa mwisho wa mwaka, au fedha ambazo yeye na mumewe wameziweka kidogo kidogo kwa miaka miwili. Akichagua vibaya, fedha imekwenda, na pengine imani ya mume katika mipango yake imekwenda pia. Kwa hiyo tulitazame jambo hili taratibu, hatua kwa hatua, kama wenye nyumba za kutunza.

Wako wanaosema kazi hii ni ya anasa na haimfai mama wa heshima. Wenzetu, kazi ya mikono iliyo halali haina aibu. Mwaka 1975, vita vya Vietnam vilipokwisha, wanawake wakimbizi walihifadhiwa katika kambi iliyoitwa Hope Village, karibu na mji wa Sacramento huko California, Marekani. Mwigizaji wa sinema Tippi Hedren alikuwa akiwatembelea, na wanawake wale walipendezwa sana na kucha zake. Akamleta mtu aliyekuwa akimtengeneza kucha awafundishe, kisha akasaidia kupanga wanawake 20 wasome katika chuo cha urembo cha pale karibu. Walipata leseni, wakafanya kazi, wakawafundisha ndugu na jirani. Leo sehemu kubwa sana ya mafundi kucha nchini Marekani ni watu wenye asili ya Vietnam.

Angalia jambo moja katika habari hiyo. Wanawake wale hawakuonyeshwa tu namna ya kupaka rangi wakaachwa. Walikwenda chuoni na wakapata leseni. Hadi leo, jimbo la California linamtaka fundi kucha asome saa 400 na afaulu mtihani. Ukisoma saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni karibu miezi mitano. Sasa linganisha na karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme: "Jifunze kucha kwa siku tatu, cheti siku hiyo hiyo." Jiulize, katika siku tatu watakufundisha nini, na wataacha nini?

1. Jua kwanza unataka kazi ipi

Kazi ya kucha ni kazi nyingi ndani ya jina moja. Kuna kusafisha kucha za mikono na miguu na kusugua nyayo. Kuna kupaka rangi ya kawaida. Kuna jeli inayokaushwa kwa taa. Kuna akriliki, yaani poda na maji yake, ambayo hujengwa juu ya kucha na kuwa ngumu. Kila moja ina vifaa vyake, gharama zake na hatari zake.

Kabla ya kutafuta chuo, tembea mtaani kwako. Wanawake wanaopita sokoni na kanisani wana kucha za namna gani? Wanatengeneza wapi, na wanalipa kiasi gani? Ukiona wengi wanataka usafi wa miguu na rangi ya kawaida, hakuna haja ya kuanza kwa kulipia kozi ya akriliki kwa sababu tu picha zake zinavutia. Kozi nzuri huanza na usafi na afya ya kucha, ndipo ipande. Anayetaka kukuuzia hatua ya mwisho kabla ya ile ya kwanza anakuuzia paa bila nyumba.

2. Uliza wanafundisha nini kuhusu mwili

Hapa tunasema kama wauguzi. Kucha ni sehemu ya mwili iliyo hai kwenye mzizi wake. Kucha ya mkono hukua kama milimita tatu kwa mwezi, hivyo ikiharibika huchukua miezi minne hadi sita kurudi nzima. Ya kidole gumba cha mguu huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kosa la dakika tano laweza kumkaa mteja mwaka mzima.

Ile ngozi nyembamba inayozunguka mzizi wa kucha ni mlango uliofungwa. Ukiikata sana, vijidudu huingia, na kidole huvimba na kutunga usaha. Maji yakijificha kati ya kucha ya bandia na kucha halisi, bakteria hustawi na kucha huwa ya kijani. Kucha iliyo nene, ya manjano na inayomomonyoka huenda ina fangasi. Hiyo haifunikwi kwa rangi. Mwenyewe anaelekezwa hospitali.

Zaidi ya yote, uliza kama wanafundisha juu ya mteja mwenye kisukari. Wagonjwa wengi wa kisukari hupungukiwa hisia miguuni na vidonda vyao huchelewa kupona. Maji ya moto kupita kiasi au wembe uliokwangua kisigino huweza kuanzisha kidonda ambacho mwisho wake ni kukatwa mguu. Fundi aliyefundishwa vizuri humwuliza kila mteja, "Mama, una sukari?" kabla hajagusa mguu wake. Chuo kisichofundisha swali hilo, mama, kipite.

3. Tazama vifaa vinavyosafishwa

Usichague chuo kwa simu wala kwa picha. Nenda siku ya kazi, kaa kwenye benchi, utazame kwa saa moja. Kifaa kikitoka kwa mteja wa kwanza kinakwenda wapi kabla ya kumfikia wa pili?

Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata pale damu isipoonekana kwa macho. Kwa hiyo kupangusa mkasi kwa kitambaa hakutoshi. Kifaa cha chuma kwanza huoshwa kwa maji, sabuni na brashi, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Kisha hulowekwa katika dawa ya klorini kwa dakika 10, huoshwa tena na kukaushwa, au huchemshwa kwa dakika 20 tangu maji yanapotokota. Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Soma chupa, maana nguvu hutofautiana. Tupa za karatasi na vijiti vya mti havisafishiki. Ni vya mteja mmoja, kisha hutupwa. Beseni la miguu huoshwa na kutiwa dawa kila baada ya mteja.

Ukiona kisanduku chenye taa ya bluu na ukaambiwa kinaua vijidudu vyote, uwe na shaka. Mwanga haufiki mahali penye kivuli. Kisanduku kile ni cha kutunzia vifaa ambavyo tayari ni safi.

Na wewe mwenyewe jikinge. Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima kwa kawaida ni sindano tatu katika muda wa miezi sita. Watoto wetu wanaipata katika chanjo zao za utotoni, lakini wengi wetu tulizaliwa kabla haijaanza kutolewa. Uliza hospitali kabla ya kuanza mafunzo.

4. Uliza juu ya dawa unazozivuta na kuzigusa

Maji ya akriliki yana harufu kali. Kuna aina inayoitwa methili methakrilati, kwa kifupi MMA, ambayo ni rahisi kwa bei. Kucha zake huwa ngumu kupita kiasi, haziyeyuki upesi kwa asetoni, na zikigongwa huweza kung'oa kucha halisi. Katika miaka ya 1970 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilichukua hatua dhidi ya bidhaa za kucha zenye MMA tupu baada ya watu kuumia. Mafundi wengi hutumia badala yake ethili methakrilati, yaani EMA. Mwulize mkufunzi anatumia ipi, na umwombe uisome chupa. Chupa isiyo na maandishi ni jibu tosha.

Jeli nayo ina mambo yake. Ikigusa ngozi kabla haijakauka vizuri, mara kwa mara, huweza kuleta mzio wa kudumu. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa tahadhari juu ya jambo hili. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kemikali moja ya jeli iitwayo TPO katika vipodozi. Bidhaa zilizokataliwa kwingine zisije zikawa ndizo unazofundishiwa wewe.

Kwa hiyo tazama chumba cha mafunzo. Je, madirisha yanafunguka? Wanafunzi wana glavu? Unapoingia, je, macho yanawasha? Mama mjamzito au anayenyonyesha azungumze kwanza na mkunga wake, na asikae siku nzima katika chumba kisicho na hewa. Barakoa ya kawaida hupunguza vumbi lakini haizuii mvuke wa dawa.

5. Chunguza usajili na cheti

Cheti kizuri kwa macho si lazima kiwe cheti chenye maana. Nchini Tanzania, vyuo vya ufundi stadi husajiliwa na NACTVET. Omba kuona hati ya usajili, na uhakikishe kozi unayoilipia imo. Tembelea pia chuo cha VETA kilicho karibu nawe uulize kozi za urembo na muda wake. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ina pia utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza kazi mitaani bila kupitia chuo. Kwa hiyo mama ambaye amefanya kazi saluni kwa miaka asidhani amechelewa. Wasomaji wetu wa Kenya waulize usajili wa TVETA, na mitihani ya ufundi inayotolewa na NITA kwa madaraja matatu.

Usimsahau fundi mzuri wa mtaani. Kujifunza chini ya mwanamke mwenye saluni safi na wateja wengi ni njia ya heshima, nasi tunawafahamu waliofanikiwa hivyo. Lakini mwandikiane: utakaa miezi mingapi, utafundishwa nini, utalipa nini, na lini utaanza kumgusa mteja. Asikufanye mfagiaji kwa mwaka mzima akiita hayo mafunzo.

6. Fanya hesabu mezani

Ada si gharama yote. Uliza: vifaa ni vyangu au vya chuo? Nikimaliza nitaondoka na nini? Mtihani unalipiwa tofauti? Nitagusa wateja wangapi halisi kabla ya kumaliza?

Tuseme ada na vifaa vyote ni shilingi 650,000, na kwa kila mteja, ukitoa rangi, maji na kodi, unabakiwa na shilingi 5,000. Unahitaji wateja 130 ili fedha irudi. Ukipata wateja watatu kwa siku, siku sita kwa wiki, ni wiki saba na kidogo. Ukipata mmoja kwa siku, ni karibu miezi mitano. Je, nyumba yaweza kungoja miezi hiyo mitano? Kama haiwezi, anza na vifaa vichache, au lipa ada kwa awamu, na kila awamu udai risiti. Anayekataa kukupa risiti leo hatakurudishia fedha kesho.

7. Zungumza nyumbani kwanza

Mweleze mume wako mpango wote, pamoja na hesabu, si ada peke yake. Mwonyeshe muda wa masomo. Nani atampokea mtoto akitoka shule? Kama ni dada wa kazi au bibi, naye aulizwe mapema. Mama mmoja wa kikundi chetu aliacha kozi katika wiki ya tatu kwa sababu vipindi vilihamishiwa jioni na hakuna aliyekuwa nyumbani na watoto. Ada haikurudi. Uliza ratiba kwa maandishi, na uulize itakuwaje ukiugua au ukiuguliwa.

Kuna pia jambo la moyo. Kazi hii ni ya kushika mkono wa mtu kwa saa nzima. Wateja watakueleza habari za ndoa zao na watoto wao. Kusikiliza na kutunza siri hakumo katika cheti chochote, lakini ndiko kutakakowarudisha kwako.

Basi, mama mpendwa, ukienda kuona chuo chukua daftari, na usilipe siku hiyo hiyo hata ukiambiwa nafasi imebaki moja. Rudi nyumbani, ulale, upige hesabu tena. Haraka haraka haina baraka. Chuo chenye kufaa kitakuwapo hata Jumatatu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kutunza miguu ya wazazi wetu wenye kisukari. Tuandikieni maswali yenu. Hadi hapo, kaeni salama na nyumba zenu.